Punda Si Farasi Aliyepungukiwa Damu

Kuna karatasi moja ya maabara ambayo ningependa ipigwe marufuku katika nchi hii. Hutoka kwenye mashine ya kupimia damu ya wanyama ikiwa na safu tatu: matokeo, kiwango cha kawaida, na mshale mdogo unaotazama juu au chini. Kichwani imechapishwa aina ya mnyama: farasi. Pembeni, kwa kalamu, mtu ameongeza "punda". Mashine haina habari na kalamu hiyo. Imeshampima punda wa mkokoteni kwa kipimo cha farasi wa mashindano, na imeshatoa hukumu: idadi ya chembe nyekundu, mshale chini, ukubwa wa chembe, mshale juu. Anayesoma mishale bila kusoma kichwa cha karatasi huandika "upungufu wa damu", na dukani kuna chupa inayoingoja hukumu hiyo.

Mimi si daktari wa mifugo, ingawa kila anayeniletea mnyama huniita daktari na nimeshachoka kukataa. Ni mtu wa maabara, mstaafu. Nimezaliwa Lamu, ambako mtoto hujua maana ya "simile!" kabla hajajua kufunga kanda za viatu, maana asiyepisha njia katika vichochoro vile hubanwa ukutani na punda mwenye mzigo wa saruji. Kazi ilinipeleka bara, na huko ndiko nilikokutana na damu ya farasi kwa mara ya kwanza: farasi warefu wa mbio kule Ngong, wenye vyeti vya ukoo na majina marefu kuliko ya wenye nao. Kwa miaka mingi damu hizo mbili zilipita mikononi mwangu, ya farasi na ya punda, na jambo ninalotaka kulisema leo ni fupi. Hazifanani, hazikukusudiwa kufanana, na tunawaumiza punda na wenye punda kila tunapojifanya kwamba zinafanana.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyotuponza.

Katika tone moja dogo la damu, mikrolita moja, farasi wa aina ya Thoroughbred ana chembe nyekundu kuanzia karibu milioni 7 hadi karibu milioni 13. Punda mzima mwenye afya ana milioni 4.4 hadi 7.1. Takwimu hizi za punda zilichapishwa mwaka 2016 kutokana na punda wazima wa Uingereza, kazi ya watu wa Donkey Sanctuary, shirika lililofungua kituo chake kule Lamu mwaka 1987. Ziweke takwimu hizo mbili kando kwa kando. Punda wa kawaida kabisa, anayekula, anayezaa, anayepiga mateke, ataangukia chini ya mstari wa farasi karibu kila mara.

Lakini sasa tazama ukubwa. Chembe ya farasi ni ndogo, baina ya femtolita 37 na 58 hivi. Femtolita ni kipimo cha ajabu kwa udogo wake: ukichukua lita moja ukaigawa mara milioni moja, kisha kila kipande ukakigawa tena mara bilioni moja, unapata femtolita. Chembe ya punda ni kubwa zaidi, 53 hadi 67. Ya binadamu ni 80 hadi 100, kwa hiyo yule anayesema chembe ya punda ni "kubwa mno" ajue kwamba yake mwenyewe inaizidi.

Zidisha idadi kwa ukubwa. Punda mwenye chembe milioni 6, kila moja ya femtolita 60, anapata asilimia 36: yaani katika kila mililita 100 za damu yake, 36 ni chembe nyekundu na zilizobaki karibu zote ni maji ya damu, plazima. Farasi mwenye chembe milioni 9 za femtolita 42 anapata karibu asilimia 38. Tofauti iliyokuwa ikitisha kwenye karatasi imeyeyuka. Pale Lamu, mchanga wa kujengea hushushwa gatini ukapandishwa mjini kwa punda. Mwenye sogi kubwa huenda mara chache, mwenye sogi ndogo huenda mara nyingi, na mwisho wa siku fungu la mchanga mlangoni kwa tajiri ni lile lile. Punda ni mwenye sogi kubwa. Hakuna fundi aliyewahi kumlaumu kwa kuhesabu safari zake.

Asilimia hiyo, ambayo sisi wa maabara huiita PCV, hupatikana kwa mrija mwembamba wa kioo na mashine ya kuzungusha, dakika tano basi. Haihitaji kompyuta. Naitaja kwa sababu ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote kwa punda wetu, na ndiyo namba inayorukwa kwa haraka ya kusoma mishale.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja wa Mwea, anayebeba mpunga kutoka mashambani kwenda kwenye vinu, aliniletea karatasi na chupa ndogo ya damu aliyopewa arudi nayo. Punda wake jike alikuwa hali.

"Mzee, wamesema hana damu. Nimeshamdunga dawa ya damu mara tatu. Mbona bado?"

"Hali tangu lini?"

"Tangu Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Ana mimba?"

"Anayo, imekwenda sana. Na alikuwa mnene, daktari, usimwone hivi. Mnene kushinda punda wote wa stendi."

Karatasi ilikuwa ile ile niliyoieleza hapo juu, ya maabara ambayo sitaitaja. Chembe nyekundu milioni 5.6, mshale chini. Ukubwa femtolita 61, mshale juu. Kwa punda, namba zote mbili zimekaa mahali pake. Lakini palikuwa na mshale wa tatu, na huo hakuna aliyejishughulisha nao: kiasi cha himoglobini ndani ya chembe kilikuwa juu kupita uwezo wa chembe yoyote. Chembe nyekundu ina nafasi yake. Haishindiliwi himoglobini kupita ujazo. Namba hiyo ikipanda hivyo, ama chembe zimepasuka ama kuna kitu ndani ya damu kinachoiziba taa ya mashine.

Nikainua chupa dirishani. Damu ilikuwa imetulia, nyekundu imezama chini, na juu yake, mahali ambapo plazima ingepaswa kuwa angavu, palikuwa peupe pe, pazito, hapapitishi mwanga. Mafuta.

Hapa ndipo punda anapotofautiana na farasi kwa namna inayoua. Punda aliyeacha kula, hasa jike mnene mwenye mimba au anayenyonyesha, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa kasi, na mafuta hayo humwagika ndani ya damu kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini hujaa, figo hufuata. Farasi mkubwa hupatwa na jambo hili kwa nadra. Punda na farasi wadogo hupatwa upesi. Na punda ana tabia yake ya kutoonyesha maumivu: husimama tu, kichwa chini, mwenyewe akadhani amechoka. Siku tatu bila kula kwa punda wa namna hiyo si jambo la kusubiri.

Daktari aliyeitwa alijitahidi kwa maji ya mshipa yenye glukosi na uji kwa mrija wa puani. Alipomfungua kinywa akakuta gego limevunjika na ncha yake imechana shavu; mnyama alikuwa anaona njaa lakini hawezi kutafuna. Alikufa usiku wa kuamkia Ijumaa, yeye na mwanawe tumboni. Sindano tatu za chuma hazikuwa na kazi yoyote pale, na chuma cha kudunga kina hatari yake chenyewe: kimewahi kuangusha farasi papo hapo. Nani wa kulaumiwa? Kijana alifanya alivyoambiwa. Mwenye duka aliuza alichoombwa. Mimi naielekeza lawama kwenye safu ya katikati ya ile karatasi.

Watu wakisikia hivi hudhani basi farasi angalau wanafanana wao kwa wao. Hata hilo si kweli. Wale farasi wakubwa wa mizigo wa Ulaya, akina Shire na Clydesdale, wenye kwato pana na manyoya miguuni, wana PCV ya kawaida kuanzia 24 hadi 44. Thoroughbred na farasi wa Kiarabu huanzia 32 na kufika 53. Shire wa 26 anayevuta mkokoteni wa pipa za bia bila wasiwasi angeandikiwa dawa kama angepimwa kwa karatasi ya Ngong. Wazungu huwaita hawa wa mbio "damu moto" na wale wa mizigo "damu baridi", majina yanayohusu tabia na ukoo. Ukiwapima joto wote wako kwenye nyuzi 38 hivi.

Kwa nini farasi wa mbio ana chembe nyingi kiasi hicho? Kwa sababu amezalishwa kwa karne nyingi kwa kazi moja, kukimbia dakika chache kwa nguvu zote, na sehemu kubwa ya siri yake iko kwenye bandama. Farasi aliyetulia huficha thuluthi ya chembe zake nyekundu, hata zaidi, ndani ya bandama. Akishtuka au akianza kukimbia, bandama hujikaza na kuzimwaga zote kwenye mzunguko. PCV iliyokuwa 40 hupanda ikapita 60 kabla hajamaliza duru moja. Damu huwa nzito sana, lakini hubeba oksijeni ambayo mnyama mwingine wa ukubwa wake hawezi kuifikia.

Hii ndiyo sababu damu ya farasi huchosha kuipima. Farasi mwoga aliyekurupuka alipoona sindano atakupa namba ya juu. Yule yule, akiwa amesinzia zizini jioni, atakupa namba ya chini. Na hakuna kilichobadilika isipokuwa moyo wake. Nimeona watu wakigombana juu ya majibu mawili ya farasi mmoja ya siku moja, kila mmoja akimshuku mwenzake kuchanganya chupa. Punda hana papara hizo kwa kiasi kile. Kwake shida huwa kuipata damu yenyewe: ngozi ya shingo ni nene, na chini yake kuna msuli mpana unaoufunika mshipa, kwa hiyo aliyezoea kulaza sindano kama kwa farasi hutoboa patupu. Kwa punda sindano husimama zaidi.

Mahali napo pana neno lake. Mwinuko huongeza chembe nyekundu, na Nairobi iko juu sana kuliko Lamu. Lakini si kila aliye juu hujibu kwa kuzidisha damu. Watafiti wamekuta kwa farasi wa Tibet mabadiliko kwenye jeni iitwayo EPAS1, jeni ile ile ambayo kwa Watibeti wenyewe huzuia damu isizidi kuwa nzito kule juu ya milima. Aina ya mnyama, kazi aliyozalishiwa, mahali alipokulia: vyote hivyo vinaandikwa ndani ya tone moja. Kisha sisi tunataka safu moja ya "kiwango cha kawaida" ituamulie.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini farasi ndiye aliyekuwa kipimo. Jibu ni fedha na vita. Farasi alibeba majeshi, kisha akabeba kamari. Kila aliyekuwa na farasi ghali alikuwa tayari kulipia uchunguzi wa damu yake. Hata sayansi kubwa imemwegemea: Max Perutz, aliyehangaika kule Cambridge tangu miaka ya 1930 kutafuta umbo la himoglobini, alitumia himoglobini ya farasi, na mwaka 1962 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Kendrew. Kila mwanafunzi wa udaktari anayechora umbo lile ana deni kwa farasi. Punda alikuwa wa maskini, na maskini hawaagizi vipimo.

Lakini punda ndiye wetu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jeni za punda wa dunia nzima, ukaonyesha kwamba walifugwa mara moja tu, karibu miaka 7,000 iliyopita, upande huu wa Afrika Mashariki, Kenya na Pembe ya Afrika. Wote walioko Uhispania, China na Meksiko wametoka kwetu. Na farasi si kaka yake wa karibu kama tunavyodhani. Koo zao zilitengana kiasi cha miaka milioni 4 iliyopita. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na kwa ukoo punda yu karibu zaidi na pundamilia kuliko alivyo na farasi.

Na hapa kwetu amewahi kuchunguzwa na mtu wetu. Profesa Geoffrey Maloiy, Mkenya, alichapisha mwaka 1970 utafiti juu ya namna punda wa Kisomali anavyotumia maji. Kabla yake Knut Schmidt-Nielsen alikuwa amemtazama punda katika jangwa la Sahara. Punda anaweza kupoteza maji ya karibu asilimia 30 ya uzito wa mwili wake akabaki hai, kisha akipewa maji akanywa upungufu huo kwa dakika chache. Farasi angekuwa amekufa zamani. Siri mojawapo ni kwamba punda huilinda plazima yake. Maji hupotea kwanza mahali pengine mwilini na tumboni, damu ikabaki laini.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu wa maabara. Kwa farasi aliyekaukiwa maji, PCV hupanda mapema na kukuonya. Kwa punda haipandi upesi. Ukimngoja punda wa Turkana au wa Mandera aonyeshe kiu kwenye mrija wa kioo, utakuwa unasoma "kawaida" huku mnyama anakauka. Kwa upande mmoja kipimo cha farasi humfanya punda mzima aonekane mgonjwa. Kwa upande mwingine humfanya punda aliye hatarini aonekane mzima.

Nyumbu, yule mtoto wa punda dume na farasi jike ambaye wa pwani hupenda kumwita baghala, ndiye anayetoa ushahidi mkali kuliko wote. Juu ya chembe nyekundu za kila punda kuna alama ambayo farasi yeyote hana. Farasi jike akibeba mimba ya punda, mwili wake unaweza kuitambua alama hiyo kama adui na kuitengenezea kinga. Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama. Katika zinazofuata kinga hiyo hujaa kwenye dang'a. Mtoto huzaliwa akiwa mzima, anasimama, ananyonya kama inavyopasa, na kadiri anavyonyonya ndivyo kinga ya mama inavyozipasua chembe zake mwenyewe. Baada ya siku moja au mbili ufizi umekuwa wa manjano, mkojo mwekundu, hawezi kusimama. Kwa farasi wa Thoroughbred jambo hili humpata mtoto mmoja hivi katika mia. Kwa nyumbu, karibu mmoja katika kumi. Dawa ni kumzuia asinyonye kwa mama yake siku mbili za mwanzo na kumpa dang'a ya farasi mwingine. Sisi tuna nyumbu wachache, lakini majirani zetu Waethiopia wanao wengi, na wafugaji wao wanajua vyema kwamba damu ya punda na ya farasi hazikai pamoja kwa amani. Mashine zetu bado hazijaambiwa.

Nisieleweke vibaya: punda hupungukiwa damu, tena sana. Minyoo humnyonya utumboni, kupe humwachia vimelea vinavyoingia ndani ya chembe zenyewe, na mbung'o humletea nagana. Katika vita vya 1916, Jenerali Smuts alipoingia Tanganyika na askari wake wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, maradhi na mbung'o viliwafyeka farasi na nyumbu kwa makumi ya maelfu, na jeshi likabaki kwa miguu na kwa migongo ya wapagazi. Punda huvumilia nagana kuliko farasi, lakini kuvumilia si kupona: anaweza kutembea na vimelea miezi mingi, PCV ikishuka kidogo kidogo, 33, 28, 23, huku mwenyewe akimwona mvivu na kumwongezea fimbo. Huyo ndiye anayehitaji dawa, na ndiye tutakayemkosa ikiwa kila punda anayeingia maabara anatoka na mshale uleule. Kengele inayolia kila siku, siku ya moto hakuna anayegeuka.

Kuna kejeli moja siwezi kuipita. Ngozi ya punda huchemshwa huko China ikatoka gundi iitwayo ejiao, na moja ya sifa zake kuu katika tiba ya jadi ya huko ni kuongeza damu kwa binadamu. Kwa ajili yake Kenya ilifungua machinjio ya punda kuanzia 2016, wizi wa punda usiku ukawa habari ya kila wiki, serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka uliofuata. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana mjini Addis Ababa kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Niliipokea habari ile kwa furaha. Hata hivyo, azimio la wakuu wa nchi halitibu punda. Tumemwokoa na kisu; tunaendelea kumtibu kwa karatasi ya farasi.

Nitaambiwa fedha hakuna. Nimefanya kazi serikalini, wimbo huo naujua ubeti kwa ubeti. Lakini jambo ninaloliomba si ghali. Kupata viwango vya kawaida vya punda wetu kunahitaji punda wazima mia kadhaa, sindano, chupa, mrija wa kioo, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Wanafunzi hao wako Kabete, wako Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wako Makerere. Wakusanye punda wa Lamu walioko usawa wa bahari na punda wa Nyandarua walioko kwenye baridi, wa Wamaasai wanaotembea na ng'ombe na wa Mwea wanaosimama kwenye tope la mpunga. Viwango vya Uingereza ni bora mara mia kuliko vya farasi, na hadi tupate vyetu tuvitumie hivyo, lakini punda wa Uingereza wanaolala kwenye banda na kutibiwa minyoo kwa kalenda si punda wa stendi.

Na wenye mashine wasingoje chuo kikuu. Mashine nyingi za leo huruhusu kuongeza mnyama mpya kwenye orodha yake. Ni kazi ya asubuhi moja kwa anayejua kubonyeza. Asiyeweza hilo, basi aifute ile safu ya katikati kabisa, amwachie daktari namba tupu. Namba tupu humlazimisha mtu kufikiri, na pengine humlazimisha kuinua chupa dirishani.

Nawe mwenye punda, ukipewa karatasi ya majibu, usianze na mishale. Tazama juu kabisa pameandikwa mnyama gani. Pakiwa pameandikwa farasi, irudishe kabla hujatoa hata shilingi moja ya dawa, uwaambie mnyama wako ni punda.